Herufi Kubwa kwenye Ukuta wa Dorica

Nchelenge, Jumatatu, 12 Januari 1998

Ziwa bado limefungwa. Hakuna wavu majini hadi Machi, kwa amri ya serikali, na wanaume wa mwambao mzima hawajui waiweke wapi mikono yao. Wanacheza drafti. Asubuhi drafti, mchana drafti. Mvua ikinyesha wanajibana chini ya paa la duka la chumvi la Dorica, na drafti inaendelea. Mimi sichezi. Mimi husoma ukuta.

Ukuta huo ni aibu! Ni ubavu wa duka la Dorica, umepakwa masizi ya betri kuukuu yaliyokorogwa na majani ya muhogo, kama ubao wa shule. Yeyote anayegundua ujanja mpya wa drafti huchora vijumba na vitone vyake hapo kwa kipande cha muhogo mkavu, kisha huupa jina. Yeyote. Na yeyote asiyelipenda jina hilo hulifuta kwa kiganja na kuandika lake. Hakuna mkuu. Hakuna katibu. Leo nimekuta ujanja mmoja tu una majina manne: "injini imezima", "ya webby", "ya pale mferejini", na "ile". Ile! Yote kwa herufi ndogo, hata jina la mtu aliyebatizwa.

Nilifundisha sarufi Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, mpaka nywele zikawa nyeupe. Sikuvuka maji ili nije kuzeeka mbele ya "ile".

Nimeamua. Nitaunyoosha ukuta kabla ya tarehe 24, siku watakayokuja wachezaji wa Puta, majirani zetu wa mwambao.

Jumanne, 13 Januari

Nimekwenda kwa Webby, fundi wa injini za boti. Ndiye mchezaji wetu bora, na bila yeye mageuzi hayana miguu.

Nieleze jambo hili vizuri, maana ni zito. Marehemu baba yake Webby alichonga ubao wa drafti kwa mti wa mukwa, mzuri ajabu. Kila Januari Nchelenge na Puta hushindana, na mshindi huondoka na ubao. Umekaa Puta miaka mitatu. Mzee alifariki ubao wake ukiwa huko. Webby mwenyewe halisemi hilo. Ni Dorica aliyeniambia kwamba kila boti ikifika kutoka Puta, kijana huyo huuliza bei ya mihogo, huuliza habari za watu, halafu mwisho, kama mtu aliyesahau, huuliza kama ule ubao haunyeshewi.

Nimemweleza Webby kwamba ukuta wenye majina sanifu utaurudisha ubao nyumbani. Akaendelea kufuta grisi vidoleni. Akaniuliza kama mimi hucheza. Nikamjibu kwamba mkaguzi wa shule hakai dawati moja na wanafunzi. Akasema sawa, mukwai, yaani bwana. Nimechukua hiyo kuwa ridhaa.

Jumatano, 14 Januari

Mkutano. Niliuitisha mimi, niliufungua mimi. Nilisoma kanuni zangu: kila ujanja jina moja, kila neno la jina lianze kwa herufi kubwa, majina ya watu walio hai marufuku, na yote yaandikwe kwa Kiswahili ambacho kila mfanyabiashara wa mwambao huu anakielewa.

Sampa akapinga. Huyu anauza salaula, nguo za mitumba, na leo alivaa shati lililotarizwa "Kevin" kifuani. Mtu aliyevaa jina la mwingine anajadili majina!

Hoja yake ilikuwa kwamba fujo ya ukuta ina kazi. Wageni wa Puta huletwa hapa kila mwaka, hukaa mbele ya ukuta, hula mbele ya ukuta, na hawajawahi kuambulia kitu. "Mwalimu," alisema, "mutu wa Puta akisoma huu ukuta wetu anaona nini? Anaona wazimu tu. Njo kufuli yetu ile."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kura zikapigwa. Kanuni zangu zilipata kura moja, na ninamfahamu aliyeipiga. Dorica hakupiga. Alikuwa anapima chumvi.

Nimemwambia mke wangu, Clémentine, kwamba nimeshindwa na Kevin. Akaniuliza kama nimeleta kuni.

Ijumaa, 16 Januari

Mbinu mpya. Sitawaomba tena. Nitasahihisha kimyakimya, neno moja moja, hadi wazoee.

Asubuhi nilisahihisha majina sita. Saa sita mchana Sampa alikuwa ameyafuta matano, na lile la sita amelichorea masharubu. Nikayaandika upya. Saa tisa upepo wa ziwa ukaleta mvua ya ubavu, ikapita chini ya paa, ikafuta yangu, ya Sampa na ya kila mtu.

Nilisimama pale nimelowa. Hapo ndipo nilipoelewa. Tatizo si watu. Tatizo ni muhogo! Kinachoandikwa kwa muhogo hufutwa. Kinachohitajika ni rangi ya mafuta.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Goodson, mtengenezaji wa mashua, ambaye naye hana kazi siku hizi. Ana rangi nyeupe. Tumeafikiana: anipe kopo, nami nimwandikie mashua yake jina. Anataka "tutaona". Nimemshawishi akubali "Tutaona" yenye T kubwa. Mageuzi yameanza.

Jumapili, 18 Januari

Wote walikuwa kanisani. Nilimwambia Clémentine tumbo linaniuma. Mungu anisamehe, ilikuwa kwa ajili ya utaratibu.

Kwanza wasichana wawili wa kwaya waliochelewa walipita wakaniamkia, nikajifanya naua mchwa ukutani. Kisha nikabaki peke yangu. Nilifanya kazi kama zamani, kwa mkono ulionyooka. Ujanja kumi na nne, kila mmoja na kijumba chake, kila mmoja na jina lake. Kazi kubwa ilikuwa ule wa Webby. Hebu fikiri: mwanzo wake ulichorwa chini kabisa, karibu na mfereji, chini ya jina "ya webby", na mwisho wake ulikuwa juu chini ya paa, chini ya jina "ile"! Mtu asiye wa hapa angejuaje kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja? Nimeviunganisha. Unatoa kete moja iliwe, unajifanya umekwama, unatoa ya pili, adui akila tu unaruka tatu na kupata kingi. Sasa vyote viko mahali pamoja, kwa mfuatano, na mishale. "Injini Iliyozimika." I mbili kubwa, zilizosimama kama askari.

Nikarudi nyuma hatua chache, nikatazama, nikaona kuwa ni vyema.

Jioni

Walitoka kanisani, wakaja. Sampa aliusoma ukuta wote, kisha akaketi juu ya kreti la samaki na kushika kichwa. Dorica aliniuliza kama rangi hiyo inatoka kwa maji. Nikamjibu kwa fahari kwamba haitoki kwa maji wala kwa mafuta ya taa. Akasema ni ukuta wake. Akalisema tena, polepole, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa lugha.

Webby alisimama mbele ya "Injini Iliyozimika" kwa muda mrefu. Nilingoja sifa. Badala yake akasema wageni wakija itabidi ukuta ufunikwe kwa mikeka, na mikeka ilindwe. Sampa akapendekeza nilinde mimi, kwa kuwa kosa ni langu.

Nimekubali. Mkutano ulinikatalia kila cheo, sasa ninacho. Mlinzi wa Mikeka. M kubwa zote mbili.

Alhamisi, 22 Januari

Siku haiendi. Ukuta umekamilika, na mtu wa kazi kama mimi hawezi kukaa. Nimetembea hadi gatini. Nimerudi. Nimetembea hadi ofisi za baraza la wilaya, nikasoma matangazo, nikamwonyesha karani makosa mawili. Akafunga dirisha. Kituoni basi dogo la Mansa limeandikwa "yesu ni jibu" mgongoni. Nilimwambia dereva kwamba hata kwa heshima ya Bwana tu angeweza kuanza kwa herufi kubwa. Akaniuliza kama nasafiri au la.

Clémentine amesema ziwa likifunguliwa atafanya sherehe, maana nitapata wengine wa kusumbua.

Usiku watu wanalala. Mimi nawaza mikeka. Imefunika kazi yangu yote. Kumi na nne! Nani ataiona?

Jumamosi, 24 Januari

Niandike haraka.

Wageni walifika asubuhi kwa boti. Bingwa wao ni Fanwell, mtu mzima, mpole, mwenye kofia. Ubao wa mukwa ulishuka botini umefungwa kwa kitambaa. Webby aliufungua mwenyewe. Alipitisha kiganja juu yake mara moja, kisha akapanga vizibo vya soda, ndizo kete zetu, kama mtu asiye na neno.

Michezo mitatu. Wa kwanza alishinda Fanwell. Wa pili alishinda Webby, kwa kucheza polepole mpaka watu wakasinzia. Wakawa sawa, mmoja kwa mmoja. Dorica akatangaza chakula. Wote wakaenda kula ubwali, ugali wa huku, na kuku nyuma ya duka.

Mimi sikuondoka kwenye kituo changu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mikeka, wima.

Fanwell akaja. Akavua kofia. Alinipa mkono huku mkono wa pili umeshika kiwiko, kwa heshima kamili, akaniita Ba Mwalimu. Alisema Puta nzima imesikia kwamba hapa kuna mzee kutoka Kongo aliyeleta utaratibu. Alisema kwao ukuta ni fujo tupu na moyo humuuma. Nilimweleza kwamba nina amri ya kutoonyesha ujanja. Akasema hana haja na ujanja. "Nionyeshe tu herufi, Ba Mwalimu."

Herufi tu! Hakuna kanuni iliyokataza herufi. Nikainua pembe moja ya mkeka, ikatokea H moja kubwa. Akaisifu ile H yangu. Alisema hajaona H kama hiyo tangu amalize shule. Lakini pembe haitoshi. Usanifu hauonekani kwenye neno moja, unaonekana ukutani kote, maneno yanapolingana. Nikaishusha mikeka yote.

Ni mwanafunzi mzuri. Alifuata kwa kidole. Alipofika kwenye "Injini Iliyozimika" aliuliza swali la akili: je, ikiwa adui hali kete ya pili? Nikamjibu kama inavyompasa mwalimu. Nilimwambia kwamba hapo ujanja wote unavunjika na mwenye kuutega anabaki uchi. Akanishukuru. Alinisaidia hata kuirudisha mikeka.

Mchezo wa tatu. Webby akatoa kete ya kwanza. Fanwell akaila. Webby akajikwamisha; alikuna kichwa, akapumua, akatazama ziwani. Vizuri sana. Nilikuwa karibu kupiga makofi. Akatoa ya pili.

Fanwell hakuila.

Sampa alinigeukia mimi, si ubao. Baadaye mchezo ulikwisha upesi.

Walipoondoka jioni, Webby aliwasindikiza hadi majini. Alikifunga kile kitambaa mwenyewe, akamwomba Fanwell wasiuweke ubao chini ya paa linalovuja. Kisha akapanda ufuko, akasimama mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, miye nilikuwa na mulango moya tu. Weye njo ulimufungulia."

Nikamweleza kwamba Fanwell aliniahidi kutazama herufi tu. Nikamwambia pia aliyosema juu ya ile H, nikidhani yatamtuliza. Akaenda zake gizani, bila kofia, mvua ikianza.

Jumapili, 25 Januari

Kwa amri ya Dorica, ninapaka ukuta masizi. Sampa anatwanga majani ya muhogo. Rangi ya Goodson ni bora mno: nimepaka mara ya kwanza, majina yakaonekana, mara ya pili, yakaonekana. Mara ya tatu ilibaki H peke yake. Niliipaka ya nne nikiwa nimefumba macho.

Clémentine ameniletea maji. Alisema tu kwamba boti za Puta zitaendelea kuja, na yule kijana ataendelea kuuliza. Jioni sikula.

Jumatano, 28 Januari

Ukuta umejaa tena. Muhogo, herufi ndogo, viganja vinafuta. Kana kwamba sikuwahi kuwepo.

Lakini hapana! Leo nimeona ujanja mpya, umechorwa na Webby mwenyewe, katikati kabisa, mahali pa heshima. Unaondoa kete zako za nyuma mwenyewe, bila kulazimishwa, adui anaingia na kupata kingi. Sijaelewa bado faida yake. Jina lake ni "mwalimu".

Nimeuliza. Ni mimi. Linatumika tayari: leo mtu mmoja alifungua nyuma, wote wakamwambia kwa pamoja kwamba amefanya mwalimu. Dereva wa boti anasema limefika hata Puta. Nilipomweleza Clémentine alicheka mpaka akakaa chini. Wivu haumfai mke wa mtu.

Ujanja wenye jina langu, nikiwa hai, pande zote za mwambao! Kanuni yangu ya majina ya watu walio hai ilikuwa kali kupita kiasi, nimeilegeza. Limebaki jambo moja tu linalokera. Nilingoja wachezaji waende kula, nikaifuta ile m kwa kiganja, nikaandika M.

Webby alirudi wa kwanza. Akaiona. Akanitazama mimi, akautazama unga wa muhogo kwenye kiganja changu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ni mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kumbe kijana alikuwa anahitaji hilo tu. Kesho nitamfundisha nukta na mkato.