Daktari wa Hojaji

Daktari hakuwa daktari wa watu, wala wa mifugo, wala wa kitu chochote kinachoweza kufia mikononi mwake. Udaktari alijipa mwenyewe, siku aliponunua miwani yenye vioo vitupu, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwomba cheti. Cheti huombwa mtu anayeonekana kukihitaji.

Asubuhi moja aliingia duka la kutolea kopi ili atengenezewe kitambulisho cha shirika lisilokuwepo. Mwenye duka alikuwa chini ya meza anapigana na waya. Daktari aliona visigino viwili tu, na sauti ya kike ikamwambia, "Subiri kidogo kaka, umeme umegoma."

Akasubiri. Ila mtu wa aina yake akisubiri, mikono yake haisubiri. Kwenye kaunta palikuwa na rundo la karatasi za kufungia vitu, na juu ya rundo hilo kitabu kinene kilichofungwa kwa kamba, kimejaa alama nyekundu za mwalimu mwenye hasira. Akasoma jalada: Mchango wa Fedha za Kiislamu katika Utendaji wa Taasisi na Maendeleo ya Uchumi wa Mkoa. Akafungua ukurasa wa kwanza, hakuelewa. Akafungua wa pili, akaelewa kwamba hata wa tatu hatauelewa. Akaruka hadi mwisho, akakuta hojaji: kurasa nne za maswali, kila swali na namba zake za kuzungushia, moja hadi tano. Kwenye kona ya juu mtu alikuwa ameweka kikombe cha chai, kikaacha duara la kahawia.

Hapo ndipo akili ilipomjia. Watu wote humwogopa mwizi, lakini hakuna anayeiogopa hojaji. Mwizi akikuuliza pesa zako unaziweka wapi, unapiga kelele. Mtafiti akikuuliza swali hilo hilo, unamvutia kiti.

Umeme uliporudi na visigino vikawa mwanamke mzima, kwenye kaunta hapakuwa na mtu wala kitabu.

Alianza na vinyozi. Akawaeleza kwamba kuna wawekezaji wacha Mungu wanaotaka kuinua uchumi wa mkoa bila riba, na kwamba kikundi kitakachofaulu hojaji kitanunuliwa vifaa vipya. Kinachotakiwa ni amana ndogo tu ya kuonyesha nia. Vinyozi wakaonyesha nia. Baada ya vinyozi wakaonyesha washona magodoro. Wiki ya tatu Daktari akaingia kwenye karakana ya ushirika wa mafundi seremala, koti begani, hojaji kwapani.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa anaitwa Nane, na aliyempa jina hilo ni mashine. Ilikuwa mashine ya kuranda mbao, kuukuu kuliko nusu ya mafundi, haina kizuizi mbele ya kisu, na ilikuwa imemla Nane vidole viwili vya mkono wa kushoto. Fundi wa vitanda ilimwonja ncha ya dole gumba. Wenyewe waliiita Mla Vidole. Kwa miaka mitano walikuwa wakichanga ili wanunue mpya, na kila walipokaribia bei, bei nayo ilisogea mbele kama kuku anayefukuzwa.

"Swali la tatu," alisema Daktari akiwa amekaa kwenye kiti ambacho hakijapigwa msasa. "Kwa kipimo cha moja hadi tano, wafanyakazi wanahisi uongozi unawasikiliza kwa kiasi gani?"

Nane akageuka nyuma. "Jamani, mimi nawasikiliza?"

"Eti?" akajibu fundi wa vitanda kutoka kwenye kelele za mashine.

"Mwandikie tatu," alisema Nane.

"Mwenyekiti, naomba mzime hilo dude. Utafiti unataka utulivu."

Wakalizima. Daktari akainuka, akalitundika koti lake kwenye mpini wa mashine, akarudi kukaa akiipa mgongo. Alifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wala hakuiangalia, maana hojaji haikuwa na sehemu ya kuangalia. Palipoandikwa "vifaa vya uzalishaji" yeye alijaza "vipo", akasonga mbele.

"Na hili duara ni la nini?" aliuliza fundi wa vitanda, kidole kwenye kona ya karatasi. Kopi zote zilikuwa nalo.

"Muhuri," alijibu Daktari bila kupepesa.

"Mbona hauna maandishi?"

"Mihuri ya ngazi ya juu haina maandishi, ndugu yangu. Maandishi ni ya ngazi ya chini."

Fundi wa vitanda akaurudisha mkono wake taratibu, kama mtu aliyegusa sahani ya mgeni.

Siku ya tatu Daktari akatangaza matokeo. Ushirika umepata nne nukta sita kati ya tano, jambo ambalo halijawahi kutokea mkoa mzima. Mashine mpya itakuja kwa njia ya murabaha. Imebaki amana tu.

"Kiasi gani?" aliuliza Nane.

"Mna kiasi gani?"

Nane akajikuna kichwa kwa mkono wenye vidole vyote. "Mambo ya karatasi anayo katibu wetu. Ni mke wangu, lakini kwenye kikao ni katibu. Acha nimpelekee hojaji nyumbani aisome, kesho tuongee."

Kesho yake Daktari alipofika, alikuta mahali pa kutundikia koti hapapo. Pale sakafuni palibaki vumbi la mbao na alama nne za miguu ya chuma. Alikasirika kidogo, akalitundika kwenye msumari, na hakujiuliza kitu.

Bi Katibu alikuwa amekaa, daftari mapajani, mpole kama maji ya mtungi.

"Karibu Daktari. Hojaji yako nimeisoma yote. Imenifurahisha sana, hasa muhuri."

"Ahsante, mama."

"Sasa mimi mambo ya shule yalinipita, unisahihishe nikikosea. Hii murabaha, si ndiyo ile ambayo mwenye mtaji ananunua kitu kwanza, kinakuwa mali yake, kiko mkononi mwake, halafu ndiyo anatuuzia sisi kwa faida tunayoijua?"

Daktari hakuwa na habari. Ila kanuni yake ilikuwa moja: mteja akisema jambo refu, mkubalie.

"Naam. Hiyo hiyo."

"Basi amana haina kazi. Kinachotakiwa ni wewe ununue mashine, utuletee, tukulipe. Bei uliyonunulia uiseme kweli."

"Ukweli ndio msingi wa kazi yangu," alisema Daktari, na mafundi saba wakainamisha vichwa kwa pamoja, kana kwamba wameona msumari chini.

Daktari akafungua mdomo aiage nafasi hiyo kwa heshima, maana yeye alikuja kuchukua, hakuja kununua. Lakini Bi Katibu alikuwa anaendelea, polepole, anafunua daftari.

"Bahati nzuri kuna mzee mmoja mstaafu, ana ghala nyuma ya kituo cha mafuta. Anauza mashine ya kuranda kwa milioni tano, hajui bei za siku hizi maskini. Sisi ushirika tuna milioni kumi zimekaa tu. Mwenyekiti, si ni kumi?"

"Kumi," alisema Nane, akiangalia dari.

"Tungeenda wenyewe, lakini tukinunua wenyewe haitakuwa murabaha, na utafiti wako utaharibika."

Daktari akahisi joto tamu likimpanda kifuani. Mfukoni alikuwa na milioni tano na ushei, jasho la vinyozi na washona magodoro juu ya akiba yake ya zamani. Risiti ya milioni tisa ni kazi ya dakika kumi. Maisha yake yote alikuwa ameiba kwa kukimbia, na leo watu wanamwalika aibe ameketi, kwa karatasi, na chai juu.

"Kwa ajili ya maendeleo ya mkoa," alisema, "nitajitolea."

Bi Katibu akamwekea mbele makubaliano, ukurasa mmoja: ushirika utanunua mashine hiyo kwa milioni kumi, ikiwa itakaguliwa na kuonekana haina kasoro. Daktari akasaini kwa mkato mkubwa wa msomi. Kusoma hakusoma, alikuwa mtafiti.

Ghalani alimkuta babu mmoja mwenye kofia, amekaa kwenye gogo. Nyuma yake palikuwa na mashine ya kijani mbichi, inang'aa, inanuka rangi.

"Ni nzima, babu?"

"Mwanangu, mimi macho yangu yamechoka. Iangalie mwenyewe. Mimi nauza kama ilivyo, ukiisha kununua usinirudie. Andika hapo kwamba umeiona na umeiridhia."

Daktari akaiangalia kwa muda wa kutosha kuona kwamba ni ya kijani. Akaandika kwamba ameiona na ameiridhia. Akalipa, akakodi lori na wabebaji sita, akapitia duka jingine la kopi kuchukua risiti yake ya milioni tisa, na saa tisa alasiri akaingia uani mwa karakana amesimama nyuma ya lori, mkono juu ya mashine, kama mtu anayepeleka nchi yake mbele.

Mafundi wote walikuwa wamejipanga. Daktari akampungia Bi Katibu risiti yake ya milioni tisa. Nane akapanda lorini. Aliizunguka mara moja, akapiga goti mbele ya kisu, akautia mkono wake wa kushoto karibu, vile vidole vitatu vikiwa vimenyooka.

"Hii naijua," alisema.

"Unaijuaje? Mpya hii. Yaani, kwenu ni mpya."

"Daktari, vidole vyangu viwili vimo humu. Mtu hasahau mahali alipoacha viungo vyake." Akakwangua rangi kwa kucha, kutu ikachungulia chini. "Kizuizi hakuna. Kisu kimekula upande. Bi Katibu, andika: ina kasoro."

"Nimeandika," alisema mkewe.

"Hii ndiyo mashine yenu wenyewe?" Sauti ya Daktari ilipanda ngazi ikakosa pa kushukia.

"Ilikuwa yetu," alisema fundi wa vitanda. "Umeitundikia koti siku tatu. Tulidhani mmeshazoeana."

"Huu ni wizi. Nakwenda polisi."

"Nenda," alisema Bi Katibu. "Vinyozi wako nje wanakusubiri wakusindikize, na washona magodoro, wote wana hojaji zenye muhuri wako. Uende na ile risiti ya tisa, nao wataipenda."

Daktari akakaa chini kwenye ubao wa lori. Akavua miwani, akaona vizuri kama zamani.

"Yule mzee..."

"Baba mkwe wangu," alisema Bi Katibu. "Na macho yake hayana shida yoyote."

"Nani alikufundisha murabaha, mama?"

"Kitabu chako. Kimekaa kwangu miezi minane. Mwanafunzi mmoja alikuwa ananiletea nimchapie, msimamizi wake anakirudisha na wino mwekundu, nachapa upya. Kurasa mia mbili na arobaini, mara tatu. Habari ya kununua kwanza ndipo uuze iko ukurasa wa themanini na saba, ya kasoro iko tisini na moja. Ungefika hata hapo ungepona." Akamwonyesha kona ya hojaji. "Na huu sio muhuri. Ni kikombe changu. Mume wangu aliponiletea karatasi ile nyumbani, nilikitambua kabla sijasoma neno. Siku ile dukani ulikutana na visigino vyangu."

Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "Bosi, tunashusha au hatushushi? Mimi natoza kwa saa."

Haki ilitendeka kwa utaratibu, na ndivyo inavyopendeza. Vinyozi walirudishiwa chao kwenye bahasha, washona magodoro chao, na kilichobaki, ambacho ni bei ya haki ya chuma chakavu, kikaingia kwenye mchango wa ushirika. Kikatosha. Mashine mpya iliingia wiki ile ile, ina kizuizi, na Nane bado ni Nane hadi leo. Ya kale ilibaki kwa mwenye mali halali, aliyeiona na kuiridhia.

Lakini kabla lori halijatoka, Bi Katibu alimpandishia Daktari karatasi moja na kalamu.

"Ya ushirika wetu, tafadhali. Tunapima utendaji. Kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kwa kiasi gani na huduma uliyopata?"

Daktari akaishika karatasi muda mrefu, huku Mla Vidole ikimnusa begani na dereva akitazama saa. Halafu akazungushia moja. Katika hojaji zote zilizopita mikononi mwake, hiyo ndiyo pekee iliyojazwa kweli.