Maji ya Likoni na Shemeji wa Unguja

Leo nimeumbuka. Na nyinyi mwanijua, mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Nimebeba magunia gatini mpaka shingo ikaota sugu, na leo nina nyumba tatu za bati hapa Likoni (kusoma sikusoma, kuhesabu najua). Nilidhani dunia imekwisha kunionyesha yote.

Shemeji yangu Salim amekuja kutoka Unguja kumchukua dada yake, yaani mke wangu Mwanaisha, wakakae huko. Ati kwao maisha ni bora.

"Kwetu maji ni ya mfereji, tena ya bure," asema. "Nyinyi mwanunua kwa debe kama samli!"

Mwanaisha akanitazama. Nikajua nisipomnyamazisha huyu, mke sina.

Basi nikamwonyesha bafu langu jipya la uani. Kuta za makuti, pipa limepandishwa juu ya miti, chini yake mfereji wa shaba. (Pipa hulijaza Kombo, muuza maji wa punda. Hilo sikulisema.)

"Ingia uoge, shemeji. Ukitoka utwambie Unguja kuna nini."

Akaingia. Maji yamwagika, naye aimba. Kisha akaita, "Shemeji, najipaka sabuni. Niufunge mfereji?"

"Uache!" nikajibu kwa sauti, majirani wasikie. "Huku maji si kitu!"

Akauacha. Wallahi, aliuacha!

Akatoka ang'aa. "Si mabaya," akasema. Mwanaisha akatabasamu. Nimeshinda! Nikaingia na mimi, nikajipaka sabuni utosini mpaka vidole vya miguu, nikawa mapovu matupu kama kondoo wa kizungu. Nikafungua mfereji.

Fuu. Upepo.

"Mwanaisha," nikanong'ona kwenye makuti. "Lete maji."

"Ya wapi? Yote yalikuwa pipani."

Macho yakaanza kuwaka. Mara nikasikia kwato njiani. Kombo!

"Kombo, debe mbili. Polepole."

Kombo hajui kunong'ona. "Debe mbili za nini tena, bwana? Si nimekujazia pipa zima asubuhi hii?"

 Nikamsikia Salim barazani: "Kumbe!"

"Haya, debe shilingi," asema Kombo.

"Mnyang'anyi we! Jana si senti kumi?"

"Jana ulikuwa na nguo, bwana."

Majirani walikwisha jaa uani. Wengine wamekuja na viti.

"Mlipe, shemeji," akasema Salim taratibu. "Si umesema huku maji si kitu?"

 Nilipotoka, Mwanaisha alikuwa amekwisha funga sanduku. Ati aenda mwezi mmoja tu, kuyaonja hayo ya bure. Wameondoka na meli ya jioni.

Msinicheke. Debe mbili za maji, nauli ya mke, na hamali wa kubeba sanduku mpaka feri (ningelibeba mwenyewe, lakini macho bado yaniwasha): shilingi ishirini na senti thelathini.