Picha ya Matunda Sebuleni kwa Mkwe

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe, na nilikuwa nimevaa kanzu mpya.

Mnajua mi naandika vibao vya maduka hapa Muyinga. Mwaka huu nikaanza kujisomea historia ya sanaa ya Ulaya kwenye simu. (Nani alinituma? Hakuna.) Nimefika Uholanzi ya zamani, kwenye picha za matunda, na tangu hapo siwezi kukaa na mtu bila kumhubiria.

Basi leo asubuhi tumekwenda Gitega kumposa Zuhura. Babake anauza vitenge sokoni, na wiki iliyopita katoka hospitali kwa presha. Njia nzima baba mdogo Hamisi, mshenga wangu, alinikumbusha jambo moja: nyamaza. Kwetu muoaji siku ya posa ni kama kochi. Anakaa, anatazamwa, hasemi. Hata akiulizwa kama anataka maji, mshenga ndiye anayejibu.

Tulikaribishwa vizuri. Chai ya maziwa, sambusa, maandazi. Baba mdogo akamwaga maneno yake matamu, wakwe wakawa wanatikisa vichwa, mambo yananyooka. Kisha nikainua macho.

Juu ya kichwa cha mzee palitundikwa picha ya matunda yenye fremu ya rangi ya dhahabu (zile za kuchapishwa, mnazijua, ziko karibu kila sebule). Zabibu, limau lililomenywa nusu, glasi imelala, saa ya mfukoni pembeni. Ya Uholanzi kabisa! Ulimi ukaanza kuniwasha.

Mzee akaniona nilivyokodoa macho. Akasema kwa upole kwamba picha hiyo alinunuliwa na Zuhura siku alipotoka hospitali, maana chakula kikiwa ukutani hakikosekani mezani. Baba mdogo akajibu kwa niaba yangu kwamba tumeipenda sana. Yangeishia hapo.

Nikakohoa. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikaendelea.

Nikawaeleza kwamba picha hizo zilipendwa na wafanyabiashara wa Uholanzi waliotajirika kwa meli. Kanisa lao halikutaka sanamu wala picha za watakatifu, wachoraji wakakosa kazi huko, wakahamia kwenye meza za chakula. Wakwe wakavutiwa, mama mkwe mpaka akaweka kikombe chini. (Hapo ndipo ningekaa kimya. Lakini mtu akisikilizwa, jamani!) Nikasimama, nikanyoosha kidole. Limau: maisha yanapendeza machoni, ukiyaonja ni machungu. Glasi iliyolala: pumzi imekwisha. Saa: muda wako umefika.

"Kwa ufupi," nikasema, "tajiri aliitundika sebuleni ili akumbuke kwamba kifo chake kiko karibu."

Kidole changu wakati huo kilikuwa juu ya kipara cha mzee.

Shangazi mmoja akarudisha sambusa kwenye sahani. Mama mkwe akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Nyuma ya pazia nikamsikia Zuhura, aliyemletea babake hicho kifo kwa mikono yake mwenyewe, anaanza kulia.

Mzee hakugeuka kuitazama picha. "We kijana," akasema, "kwa hiyo ile picha iko inasema mi nakufa?"

"Si wewe, mzee. Ni matajiri wote kwa jumla."

(Baba mdogo alifumba macho. Nadhani na yeye alikuwa anasoma dua.)

Mzee akajifuta mdomo. "Bon. Hatujakataa. Mrudi baada ya Ramadhani. Mkinikuta mzima, basi yale ni matunda tu, na binti ni wako. Mkinikuta nimekufa, binti yangu haolewi na mtu aliyenitabiria."

Sasa niko garini narudi Muyinga. Baba mdogo amehamia kiti cha mbele na haniongeleshi. Zuhura kanitumia ujumbe mmoja tu tangu tuondoke: kwamba wamempima babake, na presha imepanda.

Msicheke, ndugu zangu. Inueni mikono mumwombee mzee, maana katika Burundi nzima sidhani kama kuna mkwe anayetakiwa uhai kwa moyo safi kama huyu.