Ombi la Mvua katika Sura ya Saba

Ndugu Mhariri,

Salamu na heshima. Natumaini u mzima na ofisi yako ina maji. Mimi ni fundi bomba, huu mwaka wa ishirini na mbili, na ni mume wa mwandishi wa ile riwaya yenye jangwa mnayotaka kuichapa mara ya pili. Na riwaya sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na jangwa.

Nilipokisoma kitabu mara ya kwanza, niliona ni habari ya mwanamke anayevuka jangwa na ngamia wake, akimfuata mume aliyetangulia na msafara. Nikasema hewala, mchanga ni mchanga. Balaa lilianza siku shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa fasihi, alipokuja kwa chakula cha mchana akatufafanulia, mdomo umejaa, kwamba jangwa lile ni ishara. Ishara ya ukimya wa mume. Mke wangu hakukubali wala hakukataa. Aliniongezea wali tu.

Tangu siku hiyo nina malalamiko haya:

1. Nimesingiziwa. Nyumba yetu ina mabomba sita na yote yanatoa maji, isipokuwa la jikoni, ambalo nimeshalipangia siku. Nionyeshe jangwa lenye mabomba matano.

2. Ukimya wangu umekuzwa mno. Jumanne nilijichunguza kwa kalamu na karatasi. Kutwa nzima nilimwambia mke wangu: "Nimerudi," "Chumvi," "Nani kaacha taa?" na "Haya." Hayo ni mazungumzo manne, na matatu niliyaanzisha mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

3. Ngamia. Katika kurasa mia mbili na kumi, mume anasema mara mbili. Ngamia anaguna mara kumi na nne, nimehesabu, na kila akiguna yule mwanamke anapata faraja. Siwezi kukubali kushindwa na mnyama katika kitabu kilichoandikwa juu ya meza niliyomtengenezea mke wangu mimi mwenyewe kwa vipande vya bomba.

4. Kazi yangu inaharibika. Muuza vifaa wa duka ninakonunua mabomba amesimuliwa kitabu, na sasa ananiita Bwana Jangwa mbele ya wateja. Ndugu Mhariri, nani atamwita Jangwa aje kumletea maji? Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza kwa upole kama kweli naiweza kazi, kichwa changu kikiwa chini ya sinki lake.

5. Kitaalamu, haiwezekani. Mwanamke anatembea siku tisa na viriba viwili vya maji. Siku ya nne angekuwa ameishiwa. Basi ama alikufa ukurasa wa sitini na moja na hatukuambiwa, ama maji yapo mahali na mwandishi ameyaficha. Na kama maji yapo chini, jangwa lile si kavu, limefunikwa tu. Ishara yote inaanguka hapo.

Kwa hiyo naomba, katika toleo la pili, kisima ukurasa wa arobaini, na mvua sura ya saba, isiyopungua siku tatu. Ikishindikana, hamishieni hadithi nzima kando ya ziwa. Naambatanisha mchoro wa bomba la kilomita kumi na mbili na pampu moja, bila malipo. Ngamia abaki, ila asigune.

Usidhani nina hasira. Nina hofu. Katika sura ya mwisho yule mwanamke anachoka kufuata, anamgeuza ngamia, anarudi alikotoka. Mke wangu ameishi na mimi miaka kumi na tisa. Kama muda wote huo alikuwa anatembea mchangani, ningependa kujua kabla naye hajageuka.

Nisalimie msahihishaji, wapiga chapa, mlinzi wa getini, na hata yule aliyechora mchanga kwenye jalada, ingawa alizidisha.

Wako mwenye maji,

Fundi bomba, mume wa mwandishi

N.B. Tafadhali usimwonyeshe mwandishi barua hii. Au mwonyeshe. Yuko chumba cha pili, kwenye meza ile, nasikia akifunua kurasa anafanya masahihisho yako. Ukimpigia simu, mwambie kitabu chake nimekisoma mara tatu, na kwamba ule ukurasa wa mwisho ulinitoa machozi. Mwambie wewe, una maneno. Mimi nilijaribu jana. Nilisimama mlangoni, akaweka kalamu chini, akaniangalia, akangoja. Nikamwambia nimekuja kukagua bomba. Chumba kile hakina bomba.