Msiba wa Mtihani wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Fomu ya Kitivo cha Sheria imenikaba koo. Ukurasa wa nne wanauliza: kama umefanya mtihani wa kujiunga zaidi ya mara moja, eleza sababu. Mara moja! Mimi nimeufanya mara nne. Thelathini na tisa, arobaini na mbili, arobaini na mbili tena, hamsini na sita. Wanataka hamsini na tano. Nimepenya, halafu naambiwa nijieleze!

Ukweli ni huu: mara ya kwanza sikugeuza karatasi, kumbe nyuma kulikuwa na maswali ishirini. Ya pili nilichelewa kuamka. Ya tatu sijui. Nani anawaandikia wanasheria "sijui"? Nina miaka thelathini na moja, mtaa mzima unaniita Wakili. Nikikosa safari hii basi tena.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kazi yangu ni kuchapa barua za watu pale steshenari, nitashindwaje na yangu? Mara ya kwanza: homa ya matumbo. Ya tatu: mafuriko. Ya pili ilitaka kitu kizito. Nimemuua shangazi. Aya nzima! "Alinilea tangu nikiwa na miaka sita, akakata roho mikononi mwangu." Nimelia huku nachapa.

Jioni marehemu kanipigia pasi shati la usaili. Moyo ulinisuta kidogo. Nikala, nikalala.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi ni fundi cherehani. Leo alikuwa anapeleka mapazia hukohuko kitivoni, akajitolea kunifikishia bahasha. Nikampa. Nimeipaka gundi pande zote. Nani ataifungua mbele yake?

Alhamisi, 6 Machi
Karani wa udahili aliifungua mbele yake.

Akasoma, akavua miwani, akampa pole kwa msiba wa shangazi wa kijana. Shangazi akamjibu kwamba kijana ana shangazi mmoja tu, na ndiye huyu aliyebeba mapazia.

Jana aliporudi hakufoka. Angefoka ningepumua. Aliniuliza tu kama nilimzika vizuri. Kisha akanikumbusha siku ile ya mtihani wa pili: aliniamsha mara tatu, akakimbia nami hadi getini, kiatu changu kimoja mkononi mwake, akamsihi mlinzi anifungulie. Nilikuwa nimesahau kabisa. Jamani, mimi ni mtu wa namna gani? Usiku kucha sikupata usingizi.

Na bado amenitetea kwa karani! Nimepewa hadi kesho saa nne niandike upya, ukweli mtupu, la sivyo fomu inachanwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeandika ukweli. Karatasi, usingizi, geti, mlinzi, kiatu. Nimetubu kwa dhati. Sirudii, naapa!

Tatizo, ukweli wote umeishia mistari saba. Ukurasa mweupe, unatia huruma. Na "sijui" ya mara ya tatu imekaa vibaya. Kwa hiyo nimemweka babu, baba yake shangazi. Alifariki kweli, huo si uongo! Nimesogeza tarehe tu, miaka kumi na moja.

Shangazi ameshavaa viatu, yuko mlangoni. Anasema karani amemtaka aisome kwa sauti palepale mezani, kisha atie sahihi kama shahidi.

Haina neno. Kiatu nimekitanguliza. Akifika kwa baba yake atakuwa ameshalainika.