Sikio Langu Limeponywa Bila Ridhaa Yangu

Rosettenville, Johannesburg
Machi 2019

Kwa Sista Masika,
Chumba cha Vidonda, kwa Daktari.

Mpendwa Sista,

YAH: KUPONYWA KWA SIKIO LA KULIA HARAKA KULIKO INAVYOFAA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na sikio lenyewe pia. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima kabisa, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu.

Utanikumbuka. Ni yule bibi harusi wa Tanga aliyekuja kwako ushungi ukiwa umelegezwa upande mmoja, sikio limevimba kama andazi. Uliinama ukalitazama, ukaniuliza kwa Kiswahili chenu cha Butembo, kule Kongo, "We mama, nani alikutoboa huku yulu? Fundi ya viatu?" Nilikueleza kwa unyenyekevu kwamba bibi yake mume wangu alinitumia vipuli vya dhahabu, vya chini na vya juu, kama wanavyovaa wanawake wa kwao, nami nilikuwa na matundu ya chini tu. Ikabidi niende Braamfontein, kijana mmoja akanitoga kwa bastola yake ya kutobolea masikio, juu kule penye gegedu. Sikio la kushoto likatulia kama mtoto mbele ya mwalimu wa chuoni. La kulia likawaka moto katikati ya fungate.

Ukanipa vidonge. Ukaniamuru nisikivue kipuli wala nisikizungushe. Ukanikataza dawa ya meno niliyopakwa na jirani na mafuta ya habasoda aliyoniagizia mama mkwe. Maji ya chumvi ya vuguvugu, ukasema, asubuhi na jioni, "na bwana yako akusaidie, juu wewe hauwezi kuona sikio yako mwenyewe." Sista, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Naomba sasa niyaweke malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Hukuuliza mume wangu anafanya kazi gani. Luqman wangu anatengeneza simu. Jioni ya kwanza alivaa ile taa yake ya kichwani, akachukua kipande cha shashi kwa kibano, akazuia pumzi, akaanza kulisafisha sikio langu kana kwamba ni simu ya waziri. Hata siku ya harusi, nikiwa na hina mpaka viwikoni, hakunitazama hivyo! Umeme ukakatika kwa mgawo, mtaa mzima ukawa giza, na mwanga pekee uliobaki Rosettenville ukawa juu ya sikio langu. Ulipaswa kunionya kwamba dawa yako ina madhara ya namna hii.

2. Sikio hili, kwa sababu ya ushungi, halionwi na mtu mwingine yeyote isipokuwa wewe na yeye. Ni la kwake. Kuliponya lilikuwa jambo la kifamilia na lilihitaji kikao.

3. Hili ndilo zito. Luqman ni mtu wa haya. Ukimtazama usoni anakujibu "ndiyo" au "alhamdulillahi", basi. Lakini kumbe mtu akikusafisha sikio unakuwa umekaa upande, unautazama ukuta, naye haoni macho yako. Jioni ya tatu, bila kuulizwa, alianza kusema. Akanisimulia jinsi alivyotoka Tanga akaja huku kwa barabara, miaka mingi kabla hajanijua. Kila jioni kipande kidogo, mpaka maji yapoe. Mbeya alikoibiwa begi. Karonga alikouza viatu vyake akala samaki. Habari hizi hajamwambia mtu, hata mama yake. Tumefika Tete, kule Msumbiji. Yuko chini ya lori, ana homa, hawezi kusimama, na kuna mtu anamjia na kikombe cha maji. Maji ya chumvi yakapoa hapohapo. Nikalala sijui ni nani.

4. Kesho yake, ile mvua ya mawe ilipokatika, nikapita kwako peke yangu, kwa nia njema tu. Ukalivuta sikio langu, ukatangaza mbele ya foleni nzima, "Imepona! Acha chumvi, uitie ku nyama!" Watu wakapiga makofi. Mwenzio nikarudi nyumbani nikilia, mpaka mlinzi wa magari pale kwenye robot, taa za barabarani, akaniuliza nimefiwa na nani.

5. Tangu hapo umenifanya mwongo. Mimi, niliyehitimu kidato cha nne na kulelewa na bibi mcha Mungu, sasa kila jioni nikiguswa na shashi nalia "aii!" ili mume wangu asigundue. Na kwa vile anasikia nalia, anasafisha kimya kimya, kwa huruma. Hasimulii tena! Bado tuko chini ya lori.

6. Jirani yangu Mama Murielle, msusi, ambaye mume wake Gaston huongea na televisheni tu, amesikia mkasa huu. Ameomba nimwelekeze kwa yule kijana wa bastola. Nilimkataza, nikamwambia kidonda cha gegedu si mchezo, kingeweza kuniharibia sikio zima. Akanijibu, "Mpenzi, sikio mbili za nini kama hakuna mwenye kukuongelesha?"

7. Kutokana na hayo, naona wauguzi wote wa dunia wawekewe kanuni mpya: kidonda cha bibi harusi kisipone mpaka bwana harusi amalize hadithi. Kanuni hiyo isipopatikana, nitalazimika kutoga pua. Pua ikipona, bado nina kitovu. Mwili wa binadamu ni mpana, Sista.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi tutakuja kwako wote wawili. Tafadhali likunjie uso sikio langu, tikisa kichwa, useme, "Bado." Neno moja tu. Mungu anaijua nia yangu na atatugawia dhambi hiyo nusu kwa nusu.

Msalimie daktari, na yule dada wa mapokezi mwenye sauti tamu, na wote waliokuwa kwenye foleni wakanipigia makofi, nimewasamehe.

Wako katika ujenzi wa ndoa,

Najma, mke wa Luqman (bado nafurahi kuliandika)

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha Luqman akaingia na bakuli. Nikakaa upande kama kawaida, nikalia "aii!" Akacheka, maana alikuwa hajanigusa. "Najma," akasema, "hapo pamepona tangu ile mvua ya mawe. Wewe hupaoni. Mimi ndiye ninayepamulika." Nikamuuliza kwa nini basi kila jioni anachemsha maji. Akavua taa, akaizima, akavuta kiti akaketi mbele yangu, uso kwa uso, masikio yake yakiwaka kwa haya kuliko langu lilivyowahi kuwaka. "Nilikuwa nangoja uache kulia," akasema, "nikwambie aliyenipa maji." Akaniambia, huku ananitazama. Sitakuandikia ni nani. Hiyo ni yangu.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, na Jumamosi usikunje uso. Chumvi nimeitia kwenye nyama.