Nepi ya Gaspari Kwenye Risiti za Mbolea

Leo nimejidhalilisha kwenye maduka manne kwa mpigo mmoja, na nilikuwa nimesimama kwenye duka moja tu.

Asubuhi namwogesha Neema. Mtoto ana sabuni mpaka masikioni. Simu inaita. Gaspari! Huyu ni fundi kompyuta mwenzangu. Yeye yuko Iringa, mimi niko huku Mbeya, mtaa wa Soweto. Sote wawili tumeajiriwa na Mama Hansa mwenye maduka ya pembejeo: Mbeya, Igawa, Ruaha Mbuyuni na Iringa. Nikapokea kwa kiwiko. (Usiulize kiwiko kinapokeaje simu. Zaa kwanza.)

"Mama Neema, umeamkaje? Mashine ya Ruaha Mbuyuni imegoma kutoa risiti."

"Umeigusa?"

"Nimeigusa kidogo tu."

Kidogo tu! Uvumilivu wangu wote uliishia hapo, kwenye beseni.

Niwaeleweshe. Kila duka lina seva yake, kompyuta inayokaa chini ya kaunta, ili mtandao ukikatika mauzo yaendelee. Mfumo wetu wa mauzo umeandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta ambayo lazima iwekwe kwenye kila seva. PHP ikikosekana, au ikiwa toleo jingine, au mipangilio yake ikiwa imekaa ovyo, mfumo unanuna. Sasa Gaspari anaiweka kwa mkono, kila mashine kivyake, kulingana na alivyoamka siku hiyo. Igawa kaiwekea saa za Ulaya. Iringa kaweka toleo jipya, Ruaha Mbuyuni la zamani, akiulizwa anasema yote ni PHP. Zikigoma, anayepanda basi ni mimi, mtoto mgongoni, kwa sababu Mama Hansa haamini kwamba kompyuta inatengenezwa bila kushikwa. "Fundi bomba anakuja nyumbani," huwa anasema. "Hazibui bomba kwa simu."

Na wiki iliyopita alinitamkia wazi: mashine zisipotulia, nahamia Iringa. Nihamie! Mume wangu anafanya kazi hapa. Mama mkwe anayenishikia mtoto yuko hapa. Nikikataa, kazi hakuna. Na kwa cheti changu cha kidato cha nne na kozi niliyojisomea kwenye simu, kazi nyingine ya kompyuta nitaiokota wapi?

Nikamwambia Gaspari, "Leo siji. Na wewe usiguse kitu. Hata swichi ya ukutani."

"Sasa nani atatengeneza?"

"Mimi. Nikiwa hapa hapa Mbeya."

Akacheka. Akacheka kabisa! Nikakata simu, nikamfunga Neema mgongoni, mbio dukani.

Kitu ambacho Gaspari hakukijua ni kwamba kila Neema akilala mchana, mimi nilikuwa naandika skripti. Amri moja tu, inaingia kwenye mashine zote nne kwa mtandao, inafagia alichoweka Gaspari, inaweka PHP toleo moja, inapanga mipangilio ileile, inawasha, inaniletea majibu. Hakuna mkono wa mtu.

Nilipofika nikaijaribu mara ya mwisho kwenye laptop yangu. Kuna mpangilio wa PHP unaoiambia isome faili fulani kabla ya kufungua ukurasa wowote. Nikauingiza kwenye skripti, pamoja na faili lenyewe, ili nione kwa macho kama mipangilio yangu imeshika. Ndani ya hilo faili unaweka neno lolote. Mtu mwenye akili zake angeandika "jaribio". Mimi nilikuwa bado na hasira za beseni. Nikaandika yaliyokuwa moyoni. Nikafungua ukurasa, yakatokea juu kabisa, herufi kubwa. Nikacheka peke yangu. Nikasema ngoja niyafute.

Neema akalia. Nikamnyonyesha. (Mnaona inakoelekea.)

Mama Hansa akaja akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Haya, fanya hayo maajabu yako. Ikishindikana, Jumatatu Iringa."

Nikabonyeza.

Mbeya, kijani. Igawa, kijani. Iringa, kijani. Ruaha Mbuyuni ikasuasua, nikabana pumzi, ikawa kijani! Muuzaji wa kule akapiga simu mwenyewe: "Dada, risiti zinatoka!" Niliruka, mtoto akacheua kwenye kibodi, sikujali. Mama Hansa akaagiza chai ya maziwa. Nikasema moyoni, Gaspari, cheka tena nikusikie.

Chai haijafika, mzee mmoja kwenye foleni ya mbolea akainua risiti yake kuielekea dirishani.

"Binti, kwani siku hizi mnauza na nepi?"

Nikaichukua. Juu kabisa, kabla ya jina la duka, imeandikwa:

GASPARI! MIMI NINA MTOTO MMOJA TU. UKINISUMBUA TENA NAKUJA KUKUFUNGA NEPI NA WEWE!

Ukurasa wowote, nilisema. Na risiti nayo ni ukurasa. Maduka yote manne yalikuwa yanachapisha hasira zangu, na wateja wanaondoka nazo mifukoni.

Nikaikimbilia laptop. Sijaifikia, simu ya duka ikaita. Mama Hansa ana mikono ya vumbi la mbolea, akaweka spika. Foleni nzima ikasikia sauti ya mama wa makamo, kali kama pilipili kichaa.

"Napiga kutoka Igawa! Nipeni huyo mwanamke aliyezaa na mume wangu!"

Foleni ikasogea karibu na kaunta.

"Mume wako ni nani, mama?" Mama Hansa akauliza.

"Gaspari! Katumwa dawa ya mpunga, karudi na barua ya mwanamke! Mtoto mmoja! Eti asimsumbue!"

Mama Hansa akanigeukia. Foleni ikanigeukia. Mimi nina mtoto mkononi. Mmoja.

Nikasogea kwenye simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu," akaitikia, adabu imemtoka yenyewe, kisha akakumbuka. "Usinishikamoo! Ni wewe?"

"Ni mimi, lakini si Gaspari wako. Ni Gaspari wa kompyuta. Yale maneno ni ya programu."

"Programu ina mtoto?"

"Mtoto ni wangu, mama, na baba yake yupo, tunaishi naye Soweto. Nilikuwa najaribu mipangilio, nikasahau kufuta. Kila aliyenunua leo kaandikiwa hivyo hivyo. Muulize hata jirani yako."

Dada mmoja kwenye foleni akadakia, "Mwambie tu ukweli, mwenzetu, ndoa ya watu hiyo!" Nilimkata jicho ambalo natumaini linamuuma mpaka sasa.

Kule Igawa tukasikia akiita mtu, "Mama Zawadi, hebu lete risiti yako." Karatasi zikakwaruza. Halafu kicheko, cha wanawake wawili, mpaka spika ikawa inakoroma. Mwisho akasema, "Mwanangu, ngoja nikamfungulie mlango. Nilimfungia bandani kwa mbuzi."

Nikafuta lile faili. Amri moja. Nikamwambia Mama Hansa atoe risiti: safi. Akapiga Igawa: safi. Iringa: safi. Ruaha Mbuyuni: safi. Nikasubiri aseme Jumatatu.

Akavuta kiti, akakaa.

"Mashine zote nne zimekosea sawasawa?"

"Ndiyo, mama."

"Kosa moja, wakati mmoja?"

"Ndiyo."

"Na umezirekebisha zote ukiwa umesimama hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu nifungue haya maduka, hazijawahi kufanana hata siku moja." Akanisogezea chai. "Iringa huendi. Gaspari asiguse tena. Na hayo mambo ya nepi uandike nyumbani kwako."

Nililia kidogo. (Ilikuwa mvuke wa chai.)

Sasa Gaspari. Alipaswa kuomba radhi. Badala yake kaipiga picha risiti, kaiweka kwenye status, na nyingine kaibandika ukutani duka la Iringa. Wateja wanaomba na wao waandikiwe. Kwa hiyo jioni hii nimewasilisha malalamiko, kwa mkono, yamesainiwa:

"Kwa Mama Hansa. Yah: Kuchekwa kazini. Husika na somo hapo juu. Mimi, mfanyakazi wako mtiifu, nalalamika rasmi kwamba fundi Gaspari ametundika maneno yangu binafsi mahali pa biashara bila ridhaa yangu. Naomba yabanduliwe mara moja. Naomba pia ifahamike kwamba sikuyafuta kwa sababu si ya kweli. Nimeyafuta kwa sababu ya yule mzee wa Igawa aliyefungiwa bandani kwa mbuzi."

Mama Hansa ameisoma barua, ameigonga muhuri, na ameituma Iringa ikabandikwe pembeni ya risiti.